Chumvi Huishambulia Hamira kwa Njia Mbili: Niliyojifunza Maabarani

Mtu akiniuliza hamira inavumilia chumvi kiasi gani, siku hizi simpi namba kabla sijamuuliza na mimi: hamira ipi, inakula nini, na chumvi imeingia ghafla au polepole? Si kwamba namkwepa. Kazi ya kukuza hamira kwenye chumvi imenionyesha kuwa namba peke yake haitoshi. Hamira ileile ya mikate, ndani ya ukolezi uleule, inaweza kukua, kusimama au kufa, kutegemea ilifikaje hapo.

Nianze na jambo lililonifungua macho kuliko yote, maana mengine yamesimama juu yake. Chumvi huishambulia seli kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiu. Chumvi ikizidi nje, maji yaliyo ndani ya seli huvutwa kutoka, seli husinyaa, na shinikizo linalousukuma ukuta wake kutoka ndani hupotea. Ya pili ni sumu. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi hupenya na kuvuruga vimeng'enya (protini zinazoendesha kemia ya seli) vilivyozoea kufanya kazi penye potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Kiu huanza papo hapo, sumu hujikusanya taratibu, na kinga ya moja haitoshi kwa nyingine.

Kulisoma hili ni rahisi. Kuliona kwenye sahani ni habari tofauti. Mwalimu aliyenipokea maabarani alinipa aina tatu za hamira ya mikate: ya kawaida, moja iliyoondolewa jeni ya HOG1, na nyingine iliyoondolewa jeni za ENA. Nikazidondosha kwenye sahani za aga (jeli ya kukuzia vijidudu), matone yakipungua ukolezi hatua kwa hatua. Sahani moja haikuwa na chumvi. Ya pili ilikuwa na chumvi ya kawaida, nusu moli kwa lita (moli ni kipimo cha kemia cha idadi ya chembe). Ya tatu ilikuwa na sorbitoli, kitu kinachofanana na sukari na kisicho na sodiamu, karibu moli moja kwa lita, kwa sababu chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe mbili na sorbitoli haigawanyiki. Kwa hiyo sahani hizo mbili huvuta maji kwa nguvu inayokaribiana. Ya nne ilikuwa na lithiamu, elementi jamaa ya sodiamu, kidogo sana, kiasi kisichoweza kuvuta maji ya kutisha, lakini chenye sumu inayofanana na ya sodiamu.

Kwenye sahani ya chumvi, aina zote mbili zilizoondolewa jeni zilidhoofika. Ungeziangalia hapo tu ungesema zina tatizo moja. Lakini kwenye sorbitoli, isiyo na ENA ilikua kama kawaida na isiyo na HOG1 ikashindwa. Kwenye lithiamu mambo yakageuka: isiyo na HOG1 ikakua, isiyo na ENA ikateketea. Isiyo na HOG1 haikuweza kupambana na kiu, isiyo na ENA haikuweza kuitoa sumu. Tangu hapo siamini jaribio lolote la chumvi lisilo na sahani ya sorbitoli pembeni. Naona wengi wakiiacha kwa kubana muda, na kila mara huwa nasikitika, kwa sababu bila hiyo hujui unachokipima.

Upande wa kiu ndio uliochunguzwa kwa kina zaidi, na mimi mwenyewe ndio ulionikaa moyoni. Seli ya hamira ikitumbukizwa kwenye chumvi husinyaa ndani ya muda usiozidi dakika. Kwa hadubini utaona imepungua ukubwa na vakuoli yake (kifuko cha ndani) imegawanyika vipande vidogo. Ukuta wa hamira ni wenye kunyumbuka, hivyo mara nyingi hupungua pamoja na utando badala ya utando kujibandua ukutani kama inavyotokea kwenye seli za mimea.

Kwenye utando huo kuna kihisi kiitwacho Sln1, na namna kinavyofanya kazi bado inanishangaza. Wakati wa amani ndipo kinapochapa kazi. Shinikizo likiwa sawa, Sln1 hupitisha fosfeti (kikundi kidogo cha kemikali) bila kupumzika kwenda kwa protini Ypd1, kisha Ssk1, na Ssk1 iliyobeba fosfeti hutulia. Maji yakitoka na shinikizo likashuka, Sln1 husimama. Ssk1 hubaki bila fosfeti, na hapo huamsha mnyororo wa vimeng'enya unaopitia Pbs2 na kuishia Hog1, protini inayotokana na jeni ya HOG1. Kuna tawi la pili linaloanzia kwenye protini nyingine ya utando, Sho1, nalo hukutana na la kwanza hapohapo Pbs2. Hog1 ilielezwa mwaka 1993, na sisi binadamu tuna jamaa yake, p38, inayozisaidia seli zetu wakati wa misukosuko.

Ukiondoa jeni ya SLN1 katika hamira, seli hufa hata penye chakula kizuri kisicho na chumvi, kwa kuwa Hog1 hubaki imewaka bila kikomo. Ukiondoa na HOG1 pia, seli inaishi. Maana yake kinachoua hapo si kukosa kihisi, ni king'ora kisichozimika. Nilipolielewa hilo niliacha kuufikiria uvumilivu kama nguvu ya kuitikia tu. Seli inayovumilia ni ile inayojua pia lini iache kuitikia.

Kuacha huko kunaonekana kwa macho. Tuliwahi kutumia hamira ambayo Hog1 yake imeunganishwa na protini ya kijani inayong'aa. Kabla ya chumvi, ukijani umetawanyika kwenye seli nzima. Tone la chumvi likifika, ndani ya dakika chache ukijani wote unakusanyika kwenye kiini na kuwa nukta kali. Chumvi ikiwa ya wastani, baada ya nusu saa hivi ukijani umeshatawanyika tena, ilhali chumvi ya nje haijapungua hata chembe. Kilichobadilika ni ndani: seli imejaza gliseroli ya kutosha na shinikizo limerudi. Chumvi ikiwa kali zaidi, ukijani hukaa kiiniini muda mrefu zaidi. Unaweza kuupima mzigo wa seli kwa saa ya ukutani.

Gliseroli ni molekuli ndogo ya kaboni tatu. Hamira huitengeneza kwa kuchepusha sukari inayovunjwa: kimeng'enya Gpd1 hutoa gliseroli yenye fosfeti, kisha Gpp1 na Gpp2 huiondoa fosfeti hiyo. Uzuri wake ni kwamba inaweza kujaa ndani ya seli kwa wingi mkubwa bila kuvuruga protini, tofauti kabisa na sodiamu. Mwaka 1972, A. D. Brown na J. R. Simpson walionyesha jinsi pombe za sukari (jamii ya kemikali ambayo gliseroli imo) zinavyozilinda hamira mahali penye maji haba, na wazo hilo ndilo linaloongoza fani hadi leo.

Lakini gliseroli haiji bure. Kila molekuli imetokana na sukari ambayo ingeweza kuwa nishati au mwili mpya wa seli. Ndiyo maana hamira iliyo kwenye chumvi hukua polepole hata ikiwa na afya njema, na ndiyo maana huwa nauliza hamira inakula nini. Sukari ikiwa haba, seli haina cha kuchepusha. Nimewaona watu wakipima uvumilivu kwa seli zilizokaa siku nyingi kwenye chakula kilichoisha, halafu wakatangaza kwamba aina ile ni dhaifu. Seli hizo hazijanyimwa jeni, zimenyimwa chakula.

Tena kutengeneza ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuzuia isivuje. Utando una mfereji uitwao Fps1 ambao gliseroli hupita. Chumvi ikipanda, mfereji hufungwa mara moja, bila kusubiri jeni zisomwe wala protini mpya zitengenezwe. Hamira zilizobadilishwa ili Fps1 isiweze kufungika huteseka sana kwenye chumvi ingawa hutengeneza gliseroli kwa bidii: zinatengeneza, inavuja, zinatengeneza tena.

Jambo jingine la dakika zile za mwanzo ambalo halisimuliwi sana: chumvi ikiingia ghafla, ioni (chembe za chumvi zenye chaji) zilizozidi ndani hulegeza protini zinazoshika DNA, nazo hujibandua. Seli inahitaji kusoma jeni za kujiokoa wakati uleule ambapo wasomaji wa jeni wameachia. Hog1 huanza basi kwa kugusa protini za utando kama Nha1, ambayo hutoa sodiamu nje, ili ioni zipungue na protini zirudi kwenye DNA. Usomaji wa jeni unafuata baadaye. Mpangilio huo wa hatua, kwamba mlango hushughulikiwa kabla ya maktaba, ndio ulionifanya nianze kuchukua sampuli mapema sana, dakika ya kwanza na ya pili. Ukianza kuangalia baada ya saa nzima, unakuta vita imekwisha.

Sasa sumu. Hamira ya mikate huitoa sodiamu hasa kwa pampu ya Ena1, itokanayo na moja ya jeni za ENA na inayotumia ATP (sarafu ya nishati ya seli), na kwa Nha1, ambayo hubadilishana sodiamu na protoni (ioni za hidrojeni). Nha1 hutegemea nje kuwe na uchachu, kwani ndio unaompa protoni za kuingiza. Nje pakiwa pamepoa uchachu na kuelekea upande wa alkali, mzigo wote humwangukia Ena1. Kwa hiyo pH (kipimo cha uchachu) ya sahani si jambo dogo: hamira isiyo na ENA inaweza kuonekana na nafuu kwenye aga yenye uchachu na kuanguka vibaya kwenye aga isiyo nao. Na idadi ya nakala za jeni za ENA hutofautiana hata kati ya aina za maabara za spishi hiyohiyo, Saccharomyces cerevisiae. Aina mbili zinazofanana kwa kila kitu machoni pako zaweza kuachana mbali sana zikikutana na sodiamu. Hapo ndipo nilipojifunza kuandika jina kamili la aina kwenye kila chupa na kila ukurasa wa daftari.

Kalsiamu nayo imo humu. Sodiamu ikipanda, kalsiamu huongezeka ndani ya seli, huamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, nacho hutuma protini Crz1 kwenye kiini kuongeza usomaji wa ENA1. Sitalichambua zaidi. Inatosha kujua kwamba pampu haiko tayari kwa wingi muda wote, huitwa inapohitajika, na kuitwa huchukua muda.

Swali lililonisumbua ni hili: sodiamu inaua kwa kugusa nini hasa? Nilitarajia jibu la jumla, kwamba inaharibu kila kitu kidogokidogo. Kumbe kuna sehemu moja dhaifu inayojulikana vizuri. Kimeng'enya kiitwacho Hal2 kazi yake ni kusafisha taka inayobaki hamira inapogeuza salfeti kuwa salfa ya kutengenezea asidi amino iitwayo methionini. Sodiamu hukizuia kimeng'enya hicho, lithiamu hukizuia hata zaidi. Taka hujaa, na ikijaa huzuia vimeng'enya vinavyosindika RNA (nakala za jeni). Basi ukiipa hamira methionini tayari kwenye chakula, inapunguza kazi ya kugeuza salfeti, taka inapungua, na seli inavumilia sodiamu vizuri zaidi.

Nilipoambiwa nilitaka kuona. Nikaandaa sahani zenye chumvi, nusu zikiwa na methionini na nusu bila, hamira ileile, kabati lilelile la joto. Tofauti ilikuwa dhahiri kwa macho bila kifaa chochote. Sikuwa nimeondoa hata chembe ya chumvi wala kubadilisha jeni yoyote, nimeongeza asidi amino moja tu. Bado naliona kuwa jaribio zuri kuliko yote ninayoweza kumwonyesha mwanafunzi mgeni, kwa sababu linamtoa kwenye fikra kwamba uvumilivu ni kitu kimoja kinachokaa ndani ya seli kama uzito wa jiwe. Pia linaonya: ukilinganisha matokeo ya maabara mbili na moja hutumia chakula chenye methionini nyingi, hulinganishi hamira, unalinganisha mapishi.

Kuhusu mapishi yenyewe, nina mambo ya mkono tu ya kusema. Moli 1 ya chumvi ni gramu 58.44, na ujazo unakamilishwa kuwa lita baada ya kuiyeyusha. Ukiiongeza juu ya lita nzima umeshapunguza ukolezi. Sahani za chumvi zisiachwe zikauke, maana maji yakipungua chumvi inabaki na ukolezi unapanda bila mtu kujua. Zifungwe vizuri, zitumike zikiwa mpya.

Na lazima kusubiri. Hamira ikiingia kwenye chumvi hukaa kimya kwanza kabla ya kuanza kugawanyika, na kimya hicho hurefuka kadiri chumvi inavyozidi. Sahani ambayo siku ya pili ni tupu inaweza siku ya tano kuwa imejaa. Ukitaka kujua kama seli zimekufa au zimetulia, zichukue uzirudishe kwenye sahani isiyo na chumvi uone zipi zinaota. Kutokua na kufa ni vipimo viwili, na vinahitaji sahani mbili.

Mazoea nayo hubadilisha kila kitu. Seli zilizokaa kwanza kwenye chumvi ya moli 0.7 kwa lita huweza kustahimili kuhamishiwa kwenye moli 1.4, ilhali wenzao waliotolewa moja kwa moja kwenye chakula cha kawaida hufa kwa wingi. Wale wa kwanza wameshajaza gliseroli, wameshaita pampu. Hata kwa anayekanda mkate jambo hili lina maana. Chumvi ya asilimia 2 ya uzito wa unga inaonekana ndogo, lakini imeyeyuka kwenye maji ya donge tu. Maji yakiwa asilimia 60 ya unga, hamira inaogelea kwenye chumvi ya zaidi ya asilimia 3, karibu na ile ya bahari. Inavumilia, kwa kasi iliyopungua. Kuimwagia hamira chumvi kavu moja kwa moja ni mtihani mwingine, mgumu mara nyingi zaidi.

Hamira ya mikate, hata ikisaidiwa, hufika ukingoni karibu moli 1.5 kwa lita, baadhi ya aina zikisogea kidogo mbele. Nilidhani huo ndio ukingo wa hamira kwa jumla mpaka nilipokabidhiwa Debaryomyces hansenii. Hii hupatikana baharini na kwenye jibini na nyama za chumvi, na hukua mpaka kwenye moli 4 hivi. Tena haiogopi sodiamu kama ile nyingine: hukubali kukaa na sodiamu nyingi ndani na ikaendelea na maisha, na chumvi ya wastani haiipunguzi kasi, mara nyingine huisaidia. Zygosaccharomyces rouxii, inayochachusha mchuzi wa soya kwenye chumvi ya asilimia 17 au 18, ina njia yake. Kiwango cha gliseroli inayotengeneza si siri yake kubwa. Siri ni kuishikilia. Hamira ya mikate huongeza uzalishaji huku nyingi ikivujia nje, rouxii huibakiza ndani.

Halafu kuna Hortaea werneckii, hamira nyeusi yenye melanini (rangi nyeusi) ukutani, ambayo mwaka 2000 watafiti walieleza kuwa ni mkazi wa mabwawa ya kuanikia chumvi ya Sečovlje huko Slovenia. Hukua pasipo chumvi kabisa na hukua hadi maji yanaposhindwa kuyeyusha chumvi zaidi. Ndani yake sodiamu hubaki kidogo. Kwa hiyo hansenii huikaribisha sodiamu, werneckii huizuia mlangoni, na zote mbili zinaishi mahali ambapo hamira ya mikate haiwezi hata kuanza. Hakuna njia moja sahihi, na ndiyo maana nakataa kuziweka spishi hizi kwenye orodha ya nani bingwa.

Kazi ninayoifanya zaidi sasa ni safari ya kurudi: kuitoa hamira kwenye chumvi na kuiweka kwenye maji matupu yasiyo na chumvi. Wengi huosha seli zao kwa maji safi baada ya jaribio bila kuwaza, kumbe ndilo pigo jingine. Seli imejaa gliseroli, maji ya nje yanakimbilia ndani, inavimba. Fps1 hufunguka na kuimwaga gliseroli nje ndani ya dakika chache, shinikizo linashuka, seli inaokoka. Isiyo na Fps1 hupata taabu kubwa, na sehemu ya seli hupasuka. Kwa hiyo tunaosha kwa mmumunyo wenye chumvi ileile waliyokulia, na tukitaka kuzirudisha tunashusha ukolezi kwa hatua, tukihesabu zinazoota katika kila hatua. Hesabu hizo ndizo nilizonazo mezani kwa sasa: aina isiyo na Fps1, aina ya kawaida, na hansenii.